Jina Lililokosekana Kwenye Wimbo

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Ni siku niliyolipwa kabla mtu hajanisikia nikiimba. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba chetu pale Nyalenda nikibadilisha nyuzi za gita. Mke wangu Auma alikuwa kwenye foleni ya maji. Mkokoteni ukaja ukasimama mbele yangu, na juu yake kulikuwa na spika mbili kubwa na amplifaya, vyote bado vimo ndani ya maboksi yake. Nyuma ya mkokoteni alisimama mwanamume wa makamo aliyevaa koti la suti katika joto lile la Kisumu, ameshika bahasha.

“Wewe ndiye Ouma wa gita?”

“Ni mimi, Mzee.”

“Basi hivi vyombo ni vyako. Naitwa Owiti, natoka Kombewa. Ndugu yangu amefariki na tunamzika Jumamosi. Nataka wimbo.”

Nilimtazama, nikatazama maboksi, nikamtazama tena. Mtu anayetaka wimbo huuliza kwanza kama una sauti. Huyu hakuuliza. Moyo wangu ulisema kitu pale pale, lakini ulisema kwa sauti ndogo, na yale maboksi yalikuwa makubwa.

Nakueleza haya kwa sababu juzi umekuja hapa na furaha yako, ukaniambia kuna bwana anataka umwimbie, na kwamba maneno ameshayaandika mwenyewe, kazi yako ni kutia sauti tu. Mimi nikanyamaza. Ulidhani nimechoka, ukaniaga. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nashuku. Kushuku kwenyewe sikuzaliwa nako. Nilifundishwa, na ada yake mtu mwingine ndiye aliyeilipa zaidi kuliko mimi.

Ujue kwanza nilikuwa mtu wa aina gani. Gita nilijifunza mwenyewe, lakini kazi ya kuimba kwenye mazishi nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Oloo, aliyekuwa mpiga nyatiti, kile kinubi chetu cha Kijaluo, kule Seme. Yeye hakuwahi kumwimba marehemu bila kwenda kukaa nyumbani kwake. Alikuwa akifika siku mbili kabla, akikaa jikoni na wanawake, akikaa kwenye viti na wazee, akiuliza marehemu alipenda nini, aligombana na nani, nani alimwuguza. Ndipo alipogusa nyuzi. Mimi nikaifanya hiyo kuwa sheria yangu. Nilijivunia sana. Mfanyabiashara mmoja alitaka niimbe tangazo la dawa yake iliyotibu kila ugonjwa duniani, nikamfukuza. Mwingine alitaka nimwimbe kuwa alijenga kanisa ambalo hakujenga, nikakataa huyo naye. Watu walikuwa wakisema, “Ouma haimbi uongo,” na mimi nilikuwa nikilala na hayo maneno kama blanketi.

Lakini amplifaya yangu ilikuwa imeungua kwenye harusi moja Nyamasaria, ikatoa moshi mbele ya bibi harusi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiazima vyombo kwa watu, na anayeazima hupewa kile kibovu, tena baada ya kusubiri. Auma alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Hakuwa akilalamika. Alikuwa anauliza tu, kwa upole, “Leo wameita?” Na mimi nilikuwa nikijibu, “Bado.” Mwanangu, neno hilo likirudiwa kila siku linachosha kuliko kazi ya shamba.

Kwa hiyo Owiti alipofungua bahasha, mimi tayari nilikuwa nimeshavipanga vile vyombo ndani ya chumba kwa macho yangu, spika moja pembeni mwa kitanda, nyingine juu ya sanduku.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Marehemu aliitwa Okelo, mwenye mashine ya kusaga unga pale sokoni Kombewa. Chini ya jina lake kulikuwa na orodha ya watu wa kutajwa: baba yake na babu yake, ndugu zake, dada zake na mahali walikoolewa, watoto wa ndugu zake, rafiki zake wa kanisani. Nilisoma mpaka chini. Nikarudia kusoma kutoka juu.

“Mzee, mke wake anaitwa nani?”

Owiti alikuwa akifuta viatu vyake vumbi. “Alirudi kwao,” akasema. “Zamani.”

“Na watoto?”

“Wameandikwa hapo watoto wa ukoo. Wewe imba kama ilivyoandikwa.”

“Mimi huwa naenda kukaa kwenye boma kidogo kabla ya kutunga. Kesho naweza kuja.”

Alinitazama, akatabasamu, na mpaka leo sijalisahau tabasamu lile. “Usijisumbue,” akasema. “Nauli ya nini? Kila kitu nimekuletea hapa.”

Auma aliporudi na mitungi yake alikuta maboksi. Alifurahi, akayagusa, kisha akaketi akaisoma ile karatasi. Akauliza swali lile lile nililouliza mimi. Nikampa jibu lile lile nililopewa. Akasema, “Mtu wa Kombewa anatafuta mwimbaji mpaka Nyalenda, na kwao waimbaji wamejaa?” Nikamwambia kwamba sifa zangu zimefika mbali. Ona, mwanangu, jinsi mtu anavyoweza kujidanganya kwa kutumia jina lake zuri.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyenionya. Tulikuwa tukirekodi kwa Bwana Gurdeep, Kalasinga aliyekuwa na duka la redio mjini na chumba kidogo cha kurekodia nyuma yake. Siku hizo nyimbo zilitoka kwa kanda. Owiti alitaka kanda ziwe tayari siku yenyewe ya mazishi, zigawiwe watu. Gurdeep alirekodi wimbo mara mbili, akavua vidude vya masikioni, akasema, “Ouma, mimi nauza redio. Mtu akinunua redio bila kuijaribu, mimi nauliza, huyu anataka redio au anataka risiti? Sasa huyu mtu wako anataka wimbo au anataka nini?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi tukaenda Kombewa. Lilikuwa boma zuri, nyumba ya mabati mapya, turubai zimejaa watu. Nilifunga vyombo vyangu, na kusema kweli vililia vizuri, besi ikiingia kifuani. Kisha nikainua macho kuelekea jeneza, na kando yake nikaona mwanamke amekaa chini kwenye mkeka. Amevaa nguo nyeusi. Wasichana wawili wamemlalia, mmoja kila upande, na yule mdogo ana paji la uso kama la ile picha ya marehemu iliyowekwa juu ya jeneza. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Yule ndiye aliyesemekana alirudi kwao zamani.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Mpaka dakika ile ningeweza kusema nilidanganywa. Karatasi ilidanganya, Owiti alidanganya, mimi nilikuwa mtu wa kuajiriwa tu. Lakini sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Na unajua muziki wetu ulivyo: katikati ya wimbo unaweza kumtaja mtu yeyote, ukamsalimu, ukamsifu, gita likaendelea. Ningeinama kwa mtu aliye karibu nimwulize, “Mama yule anaitwa nani?” kisha nimtaje. Ingechukua muda wa kupumua. Owiti alikuwa amesimama kando ya spika ya kulia, mikono nyuma, akiniangalia mdomoni. Niliimba kama ilivyoandikwa. Niliwataja wote, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipotaja jina watu walipiga kelele za furaha na machozi. Yule mama hakuniondolea macho tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Alikuwa anasubiri.

Wimbo ule ulivuma, mwanangu. Ndio wimbo wangu uliovuma kuliko zote. Ulipigwa vinyozini, ulipigwa hotelini, nikaitwa kwenye mazishi mengine kwa sababu yake. Owiti alinitambulisha kwa rafiki zake, kila Jumamosi nikawa na kazi. Auma akaacha kuuliza kama wameita. Na ndani ya miezi ile yote sikumwuliza mtu yeyote wa Kombewa habari za yule mama. Nilikuwa nashuku jibu, kwa hiyo sikuuliza swali.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, nafanya mazoezi, mlango wazi. Nikaona kivuli, nikainua macho. Alikuwa na kanda yangu mkononi.

“Karibu, Mama.”

Hakukaa. “Naitwa Risper,” akasema. “Unajua mimi ni nani?”

“Najua.”

“Nani alikwambia?”

Nikaegemeza gita ukutani.

“Wazee wa ukoo waliketi,” akasema. “Owiti anasema mimi sikuwa mke wa Okelo, nilikuwa mtu wa kupita tu. Wazee waliomwona Okelo akileta ng'ombe wa mahari kwetu, wawili wamekufa, mmoja ni rafiki wa Owiti. Basi Owiti akaleta redio. Akawachezea wimbo wako. Akawaambia, huyu ni mwimbaji wa Nyalenda, hamjui mtu hapa, haimbi uongo, kila mtu anajua. Ametaja mpaka shemeji wa shemeji. Mnamsikia akitaja mke?” Akaigeuza kanda mkononi. “Mashine ya kusaga wameshaing'oa wakaipeleka kwingine. Sasa wanataka nyumba.”

Nikaanza kusema pole. Akainua mkono.

“Sikuja kuchukua pole. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Siku ile, uliniona?”

“Nilikuona.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Basi njoo useme hivyo. Jumanne, kwa chifu.” Akaiweka kanda juu ya spika, akaondoka.

Auma alikuwa ndani, amesikia yote, mtoto yuko kifuani. Nilimwambia kwamba nikienda, vyombo hivi vitaondoka na Jumamosi zote zitaondoka. Nilimwambia kwamba chifu anaweza kuamua bila mimi. Nilimwambia mambo mengi. Aliningoja nimalize. Akasema, “Unaniomba ruhusa ya kwenda au ruhusa ya kutokwenda?” Kisha akaendelea kunyonyesha.

Nilikwenda. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kama shujaa. Njiani nilitamani baraza liahirishwe. Ile karatasi ilikuwa bado ndani ya mfuko wa gita, kwa sababu huwa natupa vitu kwa shida. Chifu aliniita mbele. Nikasema nilipewa majina yameandikwa, nikakatazwa kwenda kukaa kwenye boma, na kwamba siku ya mazishi nilimwona Mama Risper kando ya jeneza na watoto wake, nikajua ndiye mjane, nikamruka. Nikatoa karatasi. Ikapita mkono kwa mkono.

Owiti akasimama, mtulivu kabisa. “Ouma, mimi nilikulazimisha?”

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa. Ningependa kusema ndiyo. “Hapana,” nikasema. “Hukunilazimisha.”

“Nilikuwekea kisu shingoni?”

“Hapana.”

“Basi leo umelipwa na nani useme haya?”

Watu wakaguna, na mimi nikaona nyuso zao. Walinishuku, mwanangu. Walikuwa na haki. Mtu aliyeimba jambo moja kwa sababu ya spika, kwa nini asiseme jingine kwa sababu ya kitu kingine? Nilisimama pale nikitafuta neno la kuwafanya waniamini, na sikulipata, kwa sababu lile neno nilikuwa nimeshaliuza.

Mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ya sufu, akaomba kusema. Akaniuliza, “Kijana, ulipomwona huyu mama ameketi chini na watoto, ulikuwa unawaza nini?”

“Nilikuwa nawaza vyombo, Mzee.”

Hakuna aliyecheka. Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Mimi nilimjua mjomba wako Oloo. Alikuja kumwimba baba yangu. Tulimkasirikia, kwa sababu alimtaja ndugu yetu ambaye sisi tulikuwa tumemfukuza. Tukamwambia hatumpi chakula. Akala viazi vyake alivyobeba, akaimba tena na akamtaja tena.” Akaketi.

Mambo hayakuisha siku ile. Yalikwenda kwa ofisi nyingine, yakarudi, wakatafutwa watu wa upande wa Risper waliopokea ng'ombe. Karatasi ile ilisaidia kidogo, walisema, kwa sababu wazee waliona hata wale mabinti wawili hawakuandikwa, na mabinti hakuna aliyeweza kuwakana. Mwishowe Risper alibaki ndani ya nyumba yake na kipande cha shamba. Mashine ya kusaga haikurudi. Ilikuwa ndiyo chakula cha nyumba ile, na haikurudi.

Nami nilirudisha vyombo kwa Owiti kwa mkokoteni, mimi mwenyewe nikisukuma mpaka stendi. Alivipokea bila kunisalimu. Kuanzia hapo hakuna aliyeniita tena kuimba. Wale wa Owiti walisema mimi ni msaliti, na wale wa Risper walisema mimi ndiye niliyeanza. Kwa miaka kama miwili nilikuwa nikipaka rangi nyumba zilizokuwa zikijengwa Nyamasaria, na gita lilining'inia ukutani. Nilipopata vyombo vya kuazima tena, nilitunga wimbo wa Okelo upya, ukiwa na majina yote, la Risper likiwa la kwanza. Nikampelekea kabla ya kurekodi, nikijiona nimefanya jambo.

Alikuwa akipepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Umeimba vizuri,” akasema. “Sasa usinirekodi. Nimechoka kuwa ndani ya wimbo wa mtu mwingine.”

Nikafunga gita nikarudi Kisumu. Wimbo ule wa kwanza, ule mbaya, bado unaishi. Mwezi uliopita nimeusikia kwenye simu ya msichana anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa karibu. Aliniambia, “Mzee, wimbo wako mtamu.” Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa sababu ndilo ulilojia, hata kama hukujua. Sikuambii ufe njaa. Usimwamini mtu anayekwambia msanii wa kweli hahitaji kula. Mimi mwenyewe baadaye niliimba tangazo la sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa ikitoa povu, sikuona aibu. Nimeimba harusi za watu nisiowapenda. Kazi ni kazi, na mtoto anahitaji uji. Kutumikia wengine kwa sauti yako si dhambi.

Lakini shuku. Shuku kazi inayokuja na maneno yaliyokwisha kuandikwa, na mwenyewe hataki uyaguse. Mtu akikulipa kabla hajakusikia, jiulize anachonunua ni sauti yako au ni ile sifa kwamba huimbi uongo. Omba kwenda kuona mwenyewe; akikuzuia kwa tabasamu, hapo ndipo uamke. Soma orodha na utafute asiyekuwemo. Waliotajwa hawana shida, wameshatajwa. Na huyo bwana wako anayetaka wimbo, kabla hujaingia studio, nenda pale anapotaka ukasifu, kaa na wanawake jikoni, uwaulize. Ukikuta ni mtu mzuri, mwimbie kwa nguvu zako zote, nami nitacheza.

Zaidi ya hao wote, jishuku wewe mwenyewe. Owiti hakuniharibu, alinikuta nimeshajiandaa. Ukiona umeanza kupanga sababu nyingi za kufanya jambo, sababu moja juu ya nyingine, ujue kuna moja ya kutolifanya ambayo unaifunika. Jambo safi halihitaji maelezo mengi namna hiyo. Wala usiniamini mimi kwa sababu nina mvi. Kaulize wengine, pima, kisha uamue, kwani jina litakaloitwa ni lako.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, usingoje mpaka mwenye kuumizwa aje kukugongea mlango. Mfuate wewe. Useme ulichofanya bila kumsingizia mtu, hata kama hakuna atakayekuamini, hata kama hutapewa kazi tena.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi nyingi na moyo usionyamaza unapokosea. Akulinde na watu wenye mikono iliyofunguka upesi, akulinde na wewe mwenyewe. Wakikusikia walio mbali wafurahi, na wakikusikia walio karibu, wanaokujua, wasione haya kusema wewe ni wao. Nenda salama.